Chakula cha Babeli Tabora: kondoo safi, nyanya za kuzidi
Mgahawa mmoja mdogo ulio karibu na soko kuu la Tabora huandaa kila Ijumaa jioni chakula unachokiita cha Babeli, na kwa shilingi 15,000 mlaji hupata mchuzi wa kondoo, mkate wa shayiri na kitindamlo cha tende. Mchuzi huo ni pishi liitwalo tuh'u, lililoandikwa kwenye vibao vya udongo vya takriban mwaka 1730 KK ambavyo vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale na kutafsiriwa na mtaalamu Mfaransa wa maandishi ya kale, Jean Bottéro. Vibao hivyo hutaja viungo na hatua kwa ufupi mno, bila vipimo wala muda wa kupika, kwa hiyo mengi yanabaki mikononi mwa mpishi.

Mpishi huyu anajua kazi. Nyama ya paja hukaangwa kwa mafuta ya mkia wa kondoo, kisha huchemshwa taratibu pamoja na bitiruti, vitunguu maji, bizari nyembamba na giligilani hadi mchuzi ukolee wekundu. Liki (mboga ya jamii ya kitunguu) na kitunguu saumu, vilivyopondwa pamoja kinuni, hutiwa karibu na kuepua, na harufu yake hutangulia bakuli kufika mezani. Bia inayotajwa kwenye kibao imeachwa, kwa kuwa wateja wengi ni Waislamu, na badala yake umetiwa ukwaju, ambao unaleta uchachu wa kutosha.

Nisichokikubali ni nyanya na pilipili. Asili ya mazao hayo ni bara la Amerika, na hayakuvuka Atlantiki kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, hivyo hakuna Mbabeli aliyepata kuyaonja. Nilipouliza, mhudumu alijibu kwa adabu: “Mzee wangu, bila nyanya wateja wanasema mchuzi haujaiva.” Biashara ni biashara, lakini nyanya ya kopo inaufunika utamu wa bitiruti.

Kitindamlo ni mersu, ambayo kumbukumbu za kasri la Mari, mji wa kale ulio katika Syria ya leo, hueleza kuwa ilihitaji tende na pistachio. Hapa karanga zimeshika nafasi ya pistachio bila hasara. Asali iliyomiminwa juu, Watabora wanisamehe, imezidi. Wababeli walitegemea zaidi shira ya tende.

Mkate hupoa na kukakamaa upesi, kwa hiyo ni vyema kufika kabla ya saa moja, na anayetaka mchuzi usio na nyanya aagize tangu mchana.