Jumamosi Usiku na Klabu ya Filamu ya Lamu: Uzoefu Wangu wa Miezi Kumi na Minne

Mji wetu wa Lamu hauna jumba la sinema. Anayetaka kutazama filamu kwenye pazia kubwa hana budi kuvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha apande basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, safari inayomaliza mchana kutwa na fedha zisizo kidogo, kwa ajili ya filamu ya saa moja na nusu. Kwa sababu hiyo niliposikia kwamba kuna watu wa mtaani waliojikusanya wakaanzisha klabu ya filamu, nilijiunga wiki hiyo hiyo, na sasa nimehudhuria kwa miezi kumi na minne, nikikosa Jumamosi chache tu. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaoniuliza kila mara, hasa kina mama na wazazi wenye vijana, kama klabu hii inafaa. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, na kilichonifanya nibaki ni kazi inayofanywa kabla filamu haijaanza na baada ya kwisha kwake.

Nianze na utaratibu. Filamu huanza saa mbili na nusu usiku, watu wakishaswali Isha na kupata nafasi ya kula. Lamu iko karibu na mstari wa ikweta, giza letu huingia takriban wakati ule ule mwaka mzima, na kwa hivyo saa ya kuanza haibadiliki; kinachobadilika ni mahali. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba kongwe katika mtaa wa Mkomani, ya pili katika uwanja wa wazi upande wa Langoni, na mojawapo ya zinazosalia tunakwenda Shela kwa mashua. Jumamosi inayobaki haina filamu: ni usiku wa kukaa, kula pamoja na kuchagua filamu za mwezi unaofuata. Mwezi wa Ramadhani klabu hupumzika, na vilevile wiki ya Maulidi, ambapo mji wote hujaa wageni na hakuna anayewaza sinema. Ada ni shilingi 100 kwa usiku mmoja au shilingi 300 kwa mwezi, nauli ya mashua ikiwa mbali, na wanafunzi hawalipi. Kahawa ya tangawizi hutoka kwenye dele bila malipo. Viazi karai na mahamri huuzwa na mama mmoja wa mtaani kwa bei ile ile anayouza barazani kwake.

Pazia lenyewe linastahili kutajwa. La kwanza lilikuwa la plastiki, na ulipoingia upepo wa kusi lilituna na kupigapiga hata nyuso za waigizaji zikawa zinanyumbuka mbele yetu. Viongozi walimwendea fundi wa matanga, akawashonea pazia la marudufu lenye vifundo vya kamba pembeni, linalopandishwa kwa henza kama tanga la jahazi na kukazwa chini kwa magogo mawili. Kusi ikivuma sana, fundi huyo mwenyewe huja kulilegeza kidogo ili lisichanike. Sijawahi kuona mahali pengine ambapo ujuzi wa bahari umetumiwa kwa namna hiyo, na picha sasa imetulia.

Jambo lililo kubwa zaidi kwangu ni tafsiri. Filamu nyingi tunazotazama zina maandishi ya Kiingereza chini ya picha, yanayopita haraka, na wazee wetu wengi, pamoja na kina mama waliosoma chuo cha Kurani badala ya shule, hawawezi kuyafuata. Mwanzoni alisimama kijana mmoja na kipaza sauti akawa anafasiri papo kwa papo, kama wanavyofanya wafasiri wa filamu katika mabanda ya video. Kijana huyo ana sauti nzuri na kipaji kikubwa, lakini mtindo ule una tabia ya kumsemea mwigizaji asiyosema, na kuwatia watu kicheko mahali ambapo mtengenezaji filamu alikusudia kimya. Baada ya wiki tatu bibi mmoja wa makamo alisimama akasema kwamba yeye amekuja kumsikia msichana aliye kwenye pazia, naye kila akitaka kumsikia anamsikia mfasiri.

Tangu siku hiyo tafsiri huandikwa kabla. Kwa kuwa nasomesha Kiswahili, niliombwa niongoze kazi hiyo, na tumekuwa kikundi cha watu wanne. Tunaitazama filamu mara mbili kwanza, tunaandika kila usemi kwa Kiswahili katika karatasi, tunaupima kwa urefu wa sauti ya mwigizaji, kisha mmoja wetu husoma kwa sauti ya chini karibu na spika, bila kuigiza. Filamu ya saa moja na nusu hutuchukua jioni tano au sita. Nilipoanza kusoma, mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mwalimu, mwanangu, usiharakishe; tuachie nafasi tuwaone nao." Nililishika neno hilo. Mahali ambapo picha inatosha tunanyamaza kabisa, hata kama kuna maneno ya kusomwa, na hadhira huelewa.

Usiku ambao kazi hii ilinionyesha thamani yake ni ule tulipotazama filamu ya Ousmane Sembène wa Senegali, *La Noire de...*, ya mwaka 1966. Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, ya muda wa kama saa moja, inayomhusu Diouana, msichana wa Dakar aliyeajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto, kisha akapelekwa Antibes nchini Ufaransa akajikuta anapika, anafua na kusafisha bila kutoka nje. Karibu kila tunachokijua juu ya moyo wake tunakipata kwa mawazo yake yanayosikika kwa Kifaransa, kwani mbele ya waajiri wake hasemi sana. Mwanachama mmoja aliyesoma Kifaransa chuo kikuu alitutolea maana, nasi tukaitafutia Kiswahili.

Tulikwama kwenye neno moja. Diouana humwita mwajiri wake *Madame*. Mwenzetu mmoja alipendekeza "mama", mwingine akasema "tajiri", na mimi nikashikilia "bi mkubwa", kwa sababu ndivyo mtumishi wa hapa kwetu angemwita mwenye nyumba kwa adabu. Tulikuwa tumekwisha kuandika hivyo katika karatasi nzima alipotutembelea dada mmoja aliyefanya kazi za nyumbani Uarabuni kwa miaka mitatu. Aliisoma karatasi, akairudisha, akasema: "Sisi kule tulisema madam. Bi mkubwa ni mtu wako. Ukiugua atakuja kukujulia hali. Huyu mwacheni na jina lake." Tulifuta kila mahali. Nimesomesha lugha kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba sijapata kusikia tofauti kati ya maneno mawili ikielezwa vizuri kuliko hivyo.

Filamu ilipokwisha (mwisho wake sitausimulia, kwa kuwa tunakusudia kuionyesha tena) watu wapatao sitini walikaa kimya kwa muda mrefu. Klabu ina kanuni kwamba baada ya filamu hakuna ruhusa ya kusema tu "ni nzuri" au "ni mbaya". Anayesema lazima ataje mahali fulani alipopaona kwa macho yake, na wa kwanza kupewa nafasi ni mdogo kuliko wote. Usiku ule mdogo alikuwa msichana wa kidato cha pili, naye akataja kinyago ambacho Diouana alikitoa zawadi alipoanza kazi, kikatundikwa ukutani Ufaransa peke yake. Akauliza kwa nini zawadi iliyotolewa kwa furaha inaweza kuonekana kama mfungwa. Kutoka hapo mazungumzo yaliingia majumbani mwetu yenyewe, kwa maana hapa pwani ni shida kuipata jamaa isiyokuwa na binti, shangazi au jirani aliyekwenda Ghuba kufanya kazi kama ile. Baba mmoja alisimama akasema kwamba bintiye hupiga simu kila Ijumaa na kusema yu salama, na kwamba kuanzia leo atamwuliza maswali mengine. Dada yule aliyerudi kutoka Uarabuni alikaa karibu na mke wa baba huyo mpaka saa sita usiku, wakizungumza kwa sauti ya chini, na hakuna aliyewaingilia.

Si kila Jumamosi inafika kina hicho, wala haipaswi. *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018, iliwavutia watoto mpaka wakakaa mbele kabisa wakiegemea magogo ya pazia, na wazazi walibishana kwa adabu kuhusu kiasi cha ukweli anachostahili kuambiwa mtoto mgonjwa. *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, haikuhitaji msomaji, na nafikiri ndiyo filamu iliyowastarehesha wazee wetu kuliko zote. Tuliitazama katika uwanja wa ndani wa Ngome, jengo lililokamilika mwaka 1821 na lililokuwa gereza hadi mwaka 1984, na palikuwa na maana kubwa kuwaona wapinzani wa serikali ya kikoloni ya Unguja wakiwindwa huku sisi tumezungukwa na kuta zile. Kina bibi waliosema *mato* na *yeo*, yaani macho na leo kwa Kiamu chetu, tangu utotoni walifuatilia kila neno la Kiunguja na kulipima na la kwao, wengine wakinong'onezana maana ya fumbo kabla vijana hawajatambua kwamba fumbo limesemwa.

Sasa niseme yaliyonisumbua. Kubwa lilikuwa safari moja ya Shela. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yetu hujaa alasiri na kupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano usiku, jambo ambalo kila mvuvi analijua, lakini aliyepanga ratiba ya mwezi ule hakumwuliza mvuvi. Filamu ilipokwisha tulikuta mashua imekaa juu ya mchanga. Vijana walitembea ufukweni kurudi mjini, mwendo wa kama kilomita tatu, lakini tulikuwa na bibi wawili wasioweza mwendo huo gizani, tukabaki nao mpaka maji yaliporudi, na mimi nilifika nyumbani saa saba na nusu. Nililalamika kwa maandishi. Ninashukuru kwamba viongozi walikiri kosa mbele ya wote, na tangu hapo safari za Shela huwekwa wakati wa maji mafu tu, yaani siku za maji madogo, ambapo maji huwa yamejaa saa za kurudi, na nahodha hushauriwa kabla ratiba haijabandikwa.

Lingine ni sauti. Katika kiwanda cha Mkomani kuta za mawe huirudisha sauti, na walio karibu na daka, yaani ukumbi wa mlangoni, husikia kila neno mara mbili. Wameanza kutundika mikeka ukutani na hali imepungua, ingawa haijakwisha. Ukiwahi, kaa katikati. Halafu kuna suala la kina mama. Miezi ya mwanzo mikeka yetu iliwekwa ubavuni, mahali ambapo pazia huonekana kwa kupinda, na sikuona sababu ya jambo hilo hata kidogo. Tulilisema katika usiku wa kikao, na sasa uwanja umegawanywa kwa urefu, upande wetu na upande wa wanaume, wote tukilielekea pazia sawasawa. Kurudi nyumbani pia kumepangwa: watu huondoka kwa makundi ya mtaa mmoja mmoja, na kila kundi lina tochi na mtu mzima anayejua vichochoro na nyumba ya kila aliyemo.

Kwa wazazi naongeza hili. Klabu hufuata madaraja ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, na filamu ya daraja la 16 haitazamwi na aliye chini ya umri huo, hata akija na nduguye mkubwa. Nimewahi kuwaona vijana wawili wakirudishwa mlangoni, kwa heshima, wakapewa kahawa na kuambiwa filamu ya wiki ijayo ni ya wote. Haruhusiwi mtu kupiga picha za hadhira. Filamu haionyeshwi mpaka idhini ya wenye haki ipatikane, na baadhi ya barua hizo za kuomba idhini nimeziona mwenyewe. Ndiyo sababu wakati mwingine filamu iliyotangazwa hubadilishwa ghafla, jambo linalochosha lakini ninalolikubali.

Anayetaka kujaribu aje kwanza katika usiku usio na filamu, kwa kuwa hapo ndipo atakapowasikia watu wakitetea filamu wanazozitaka, na ataelewa haraka kama mahali hapa panamfaa. Ajiletee mto wa kukalia, kwani viti ni vya wazee, na dawa ya mbu kama ni msimu wa mvua. Jumamosi ijayo ni zamu ya Shela, maji ni mafu, mashua itaondoka gatini saa mbili kasoro dakika tano mara tu baada ya Isha, na karatasi yetu ya tafsiri imebakiza kurasa tatu ambazo nimeahidi kuzimaliza kesho.