Kituo cha kusafisha damu: "bibi hana vidole" na mengine niliyoyaona

Naanza na nyota moja. Kama kungekuwa na nusu, ningeweka nusu. Jina la kituo silitaji, ila kipo hapa Dar es Salaam, na wahusika wakifika kwenye habari ya vidole watajijua.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mke wangu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mpaka figo zilipomwangusha. Presha ndiyo iliyozila, taratibu, mwenyewe akidhani ni uchovu wa kazi. Sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila zamu. Anayetaka kujua vitanda ni vingapi na mashine zimetoka nchi gani, aende akahesabu na kusoma mwenyewe. Mimi nina neno na mapokezi.

Kwa msiojua maisha haya: zamu zetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Maana yake Jumamosi na Jumapili hakuna mashine, na figo zikishakufa, maji anayokunywa mtu hayana pa kutokea. Yanabaki mwilini. Nampimia kwa kikombe kidogo, namlowanishia midomo, lakini kufikia Jumapili usiku miguu imeshavimba na akilala chali pumzi inakata. Namwegemeza kwenye mito, tunakesha tukisimuliana habari za watu waliokwishakufa. Kwa hiyo Jumatatu si siku ya kuchezewa. Jumatatu tunaondoka Kimara kungali giza, kwa bajaji ya kukodi, maana mwendokasi wa asubuhi hata mzima unamtoa roho.

Jumatatu yenyewe ilikuwa ya msimu wa mvua. Tumefika tumelowa. Akaambiwa aweke kidole. Kimashine kikakataa. Kidole gumba, kikakataa. Cha shahada, kikakataa. Mkono wa pili, yale yale. Sawa, mgonjwa wa bima anatakiwa athibitishwe kwa alama za vidole kabla hajahudumiwa, watu walizidi kuazimana kadi, sina ugomvi na hilo. Lakini mtu aliyesukuma sindano na kushika pasi ya mkaa maisha yake yote, ncha za vidole zimekuwa laini kama sahani ya udongo. Na uzee nao unafuta kilichobaki. Vyangu mwenyewe, kwa sababu ya chaki, vinasomeka kwa kubahatisha. Nikamkausha vidole kwa leso. Nikampaka mafuta, nikayafuta. Binti wa mapokezi macho yako kwenye simu. Mwisho akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Bibi hana vidole huyu. Msogezeni pembeni wengine wapite."

Hana vidole! Sare ya kwanza aliyovaa binti yule kwenda shule huenda ilipita kwenye vidole hivyo hivyo.

Nikamwambia, kwa adabu maana bado nilikuwa nayo, "Mwanangu, najua ipo njia nyingine. Anapigiwa afisa wa bima, anatoa idhini, mgonjwa anaingia."

"Afisa anaingia saa mbili, babu. Kakaeni."

Ilikuwa bado hata saa kumi na mbili na nusu. Na huo ubabu alinipa nani? Wajukuu wangu nawafahamu wote.

Tukakae wapi sasa? Viti vya chuma, baridi, mgonjwa hawezi kuegemea. Kiyoyozi kinampulizia mtu aliyelowa. Televisheni inaonyesha mapishi ya keki, kwenye ukumbi wa watu waliokatazwa nusu ya vyakula vya duniani. Hata saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Nimekuja pale mara nyingi bila kuyaona haya, lakini siku ile niliyaona yote, moja baada ya jingine, na kila moja liliniudhi kwa nafsi yake. Wakati huo kitanda cha mke wangu kiko tupu ndani na yeye anahema mdomo wazi.

Aliyetuokoa ni sista mmoja wa zamu aliyetoka kuita jina la mtu mwingine. Nadhani aliisikia ile pumzi kabla hajamwona mwenye nayo. Hakuuliza kadi. Akauliza, "Mama ameongezeka kilo ngapi toka Ijumaa?" Akamshika mkono, tena ule usio na mshipa wa mashine (mnaojua mnajua, ule mwingine umeunganishwa mishipa kwa upasuaji ili mashine ichukulie damu hapo, kwa hiyo haupimwi presha, hautolewi damu, haubebi hata mfuko wa nyanya), akampeleka mwenyewe kwenye mzani. Binti akapaza sauti kwamba mgonjwa hajathibitishwa. Sista akajibu bila kugeuka: "Karatasi zitanifuata ndani."

Na hapo ndipo hesabu yangu ya nyota inapoharibika. Maana ndani ni kwingine kabisa. Mke wangu alipewa muda wake wote, hakupunguziwa hata dakika kwa kuchelewa kusikokuwa kwake. Presha iliposhuka katikati, walikuwa pembeni yake kabla sijainuka. Misuli ya mguu ilipomkaza, sista akaukanda huku anamuuliza habari za vitambaa na mishono. Mimi mapishi yote ya ugonjwa huu nimefundishwa na sista huyo, siyo na daktari. Viazi unavimenya, unavikata vidogo, unavichemsha kwa maji mengi, unayamwaga, unachemsha upya, ndipo unapika. Ladha inaondoka, lakini potasiamu nayo inapungua, na potasiamu ikizidi inasimamisha moyo. Madafu hapana. Ndizi kwa kuomba ruhusa. Kilio kikubwa kilikuwa achari ya birimbi, maana mke wangu ni mtu wa Tanga na wali bila birimbi kwake ni adhabu. Sista akamweleza kwa upole kwamba birimbi lina asidi inayoumiza figo hata za mtu mzima wa afya. Mtungi ukatolewa kwa jirani. Kila tukisikia harufu tunanyamaza.

Basi nyota tatu? Ngojeni kidogo.

Niliandika barua ya malalamiko. Sanduku la maoni lina kufuli lenye kutu, nikaona barua yangu itazeekea humo, nikaipeleka kwa meneja mkono kwa mkono. Akanisikiliza vizuri, akasema "pole sana mzee wetu", akaagiza tuletewe soda. Soda! Meneja wa kituo cha figo anamkirimu mgonjwa wa figo kwa soda nyeusi ya baridi, na mke wangu anaitazama ile chupa kwa macho ambayo sijayaona tangu tuchumbiane. Nikainywa mimi ili isimtese. Nyota mbili.

Nikatangaza nyumbani kwamba tunahama kituo. Nikakipata kingine, mapokezi wanasimama kukusalimu, shikamoo inaitikiwa na kutangulizwa, viti vya sponji. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mshipa wangu anaujua sista. Wewe gombana na mlango, mimi napita." Ndiyo huyo huyo aliyekataa kata kata mwanetu asimpe figo. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017, kule Dodoma hospitali ya Benjamin Mkapa tangu 2018, kijana akajitolea kwa moyo wote, mama yake akasema hawezi kumkata mtoto aliyemzaa. Mtu wa namna hiyo unamhamisha kwa hoja ya viti vya sponji?

Kwa hiyo tumebaki. Na kusema haki, tangu barua ile pale mapokezi kuna utaratibu: mwenye vidole visivyosomeka anaandikwa kwenye daftari, anaingia, afisa anamfuata na fomu kitandani. Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote. Hilo linanikasirisha kuliko kama lingeshindikana. Ila wazee wengine wananufaika, wakulima hasa, na mama mmoja mpasua kokoto ambaye kimashine kile hakijawahi kumtambua hata siku moja.

Ukiniuliza kama umlete mgonjwa wako hapa, nakwambia mlete. Mlete mapema, mvalishe sweta, na uulize jina la sista wa zamu kabla ya kuuliza kitu kingine. Nyota nne, nimeamua, mbili ni zake peke yake.

Yule binti niliambiwa ameondolewa mapokezi, nami nikashukuru kimoyomoyo. Juzi nimetumwa dirisha la dawa kuchukua sindano ya kuongeza damu, nainua kichwa, nani huyu? "Babu, kidole." Tatu. Ziandikeni tatu.