Bodi za kahawia za karatasi: nilivyozitumia kwenye mashine nane za vifaranga

Mwaka jana nilipata oda ya vidhibiti joto vya mashine za kutotolesha vifaranga, vinane kwa mpigo, kwa wafugaji wa Pasua na Majengo hapa Moshi. Bodi ya fiba ya kujengea saketi, niliyozoea kuifuata Arusha, ilikuwa imepanda bei, na nauli bado. Kwenye duka ninaponunua risasi ya kulehemu wakanitolea bodi za kahawia, shaba upande mmoja, unene milimita 1.6, bei nusu ya fiba. Nikabeba kumi na tano.

Umeshaiona hata kama huijui jina. Fungua redio ya zamani au rimoti ya bei rahisi, ndiyo hiyo. Ni karatasi kweli, tabaka juu ya tabaka, imeloweshwa resini ya fenoli ikabanwa kwa joto mpaka ikawa ngumu kama ubao. Resini yenyewe ni ya ukoo wa Bakelite, plastiki ngumu ya zamani aliyoivumbua Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Meza za fomaika za migahawani ni binamu zake. Fomaika nayo ilianza kama kihami cha umeme kabla watu hawajaanza kuimwagia chai.

Kuifanyia kazi ni raha tupu. Fiba ina nyuzi za kioo, inakula ncha za drili na vumbi lake linawasha mpaka kwenye kiwiko. Hii ya karatasi nilitoboa matundu ya bodi zote nane kwa ncha moja ya milimita 0.8, na ilikuwa bado inakata. Inanuka wakati wa kutoboa, harufu kali kama ya dawa ya hospitali, basi fungua dirisha. Mchoro niliuhamisha kwa printa ya leza na pasi ya nguo, shaba nikaisugua kwanza kwa stilwaya, kisha feriki kloraidi, kemikali inayokula shaba isiyofunikwa na mchoro, ikafanya yake. Njia zilitoka safi kuliko nilivyotarajia. (Pasi ilikuwa ya mke wangu. Hilo tuliache.)

Shida ya kwanza niliipata siku ya kulehemu. Shaba ina unene wa mikroni 35 tu na imeshikiliwa kwa gundi, na gundi hiyo haipendi joto. Ukigusa sekunde mbili ukaondoka, hakuna neno. Lakini niliweka relei moja (swichi inayowashwa na umeme) kinyume, nikairudia kuing'oa, na vijisahani viwili vya shaba vikabanduka pamoja nayo kama ngozi iliyoungua. Ilibidi nipitishe waya kwa nyuma. Kwenye fiba ningebadilisha relei ile mara tatu bila wasiwasi.

Ya pili ndiyo iliyoniumiza. Mashine sita kati ya nane zilikuwa na kisanduku nje, mbili wateja walitaka bodi ikae ndani, "isichezewe na watoto". Masika yakaingia. Mteja mmoja akanipigia: "Fundi, leo siku ya ishirini na tatu, mayai mengi bado yamelala. Mashine yako imechoka?" Nikamwambia, "Mama, nipe mpaka jioni nije."

Kipimajoto nilichoweka pembeni kilisoma nyuzi 36.6, wakati niliseti 37.5. Nikazima, nikang'oa themista, yaani kihisi joto, nikapima ukinzani kwa mita kati ya njia mbili zisizokutana popote. Ilitakiwa isisome kitu. Ikasoma megaomu mbili na ushee. Karatasi ilikuwa imekunywa unyevu, hasa kwenye matundu na kingo nilizokata, ambako nyuzi zimebaki wazi. Umeme kidogo ulikuwa unavujia kando ya themista yangu ya kiloomu 100, saketi ikadhani kumeshapata joto, ikazima balbu ya kupasha joto mapema. Nilianika bodi juani nusu siku, mita ikarudi kutosoma kitu.

Lawama zote si za bodi. Sikuiosha vizuri baada ya feriki kloraidi, wala sikuipaka vanishi, nami nilijua ndani ya mashine ya vifaranga unyevu huwa asilimia 55 na zaidi, na siku tatu za mwisho unaongezwa. Zile mbili za ndani nikazirudia kwa fiba, kwa gharama yangu. Sita za nje zinafanya kazi mpaka leo. Nilizipaka tabaka mbili za vanishi kwa tahadhari.

Ukienda dukani, angalia upande usio na shaba: kwenye fiba unaona msuko wake, kwenye karatasi huuoni. Uliza pia kama ya karatasi ni ya aina ya FR-2 au XPC. FR-2 ina dawa ya kuzuia moto usienee, XPC haina, na mimi siiweki kwenye kitu kinachoingia volti 230. Kitu kizito kama transfoma usikiachie bodi yenyewe, itapasuka kwenye matundu. Kifunge kwenye sanduku.

Mama wa Majengo alinisamehe baada ya mzunguko uliofuata, akanipa tetea mmoja. Nimebakiwa na vipande saba vya kahawia, na vyote nimeshavipangia chaja za taa za sola.