Kuruti Nexus 7 ya 2013 kwa Magisk: uzoefu wangu hapa Lamu

Tableti ninayoizungumzia ni Nexus 7 ya mwaka 2013, ile ya Wi-Fi isiyo na laini, iliyotengenezwa na ASUS kwa ajili ya Google. Kioo chake ni cha inchi 7 chenye nukta 1920 kwa 1200, RAM ni gigabaiti 2, betri ni ya 3950 mAh. Kwa umri wake bado inafungua ramani, vitabu vya PDF na video bila kusuasua. Android ya mwisho iliyopewa ni 6.0.1, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kuiruti tableti hii, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wake (mimi nilitumia programu iitwayo Magisk), kunalipa kwa kazi mbili: kurekebisha vyeti vya usalama vya tovuti (hati za kidijitali zinazothibitisha kwamba tovuti ni ya kweli), na kuzuia programu zisile bando. Mtu anayetaka tu kuondoa programu za kiwandani asizozitumia hana haja ya ruti. Nyingi huzimwa kwenye Settings, Apps, Disable, na mambo yakaishia hapo.

Vyeti kwanza, maana ndivyo vinavyofanya watu waitupe tableti nzima wakidhani imeharibika. Unafungua tovuti ya kawaida kabisa, unaambiwa muunganisho si salama. Tovuti nyingi sana duniani hutumia vyeti vya Let's Encrypt, ambavyo mzizi wake (cheti kikuu kinachovidhamini vingine) unaitwa ISRG Root X1. Android iliyo chini ya 7.1.1 haiujui mzizi huo. Zamani ilikuwa ikipita kwa mgongo wa mzizi mwingine wa zamani, DST Root CA X3, ambao muda wake uliisha Septemba 2021. Ukafanywa mpango wa kuongeza muda kwa simu na tableti za zamani, nao ukaisha mwaka 2024. Tangu hapo Android 6 imebaki nje ya mlango.

Kabla ya kushika waya wowote, tazama tarehe ya tableti. Betri ikikaa tupu muda mrefu, saa hurudi nyuma miaka, na kosa linalotokea linafanana kabisa na hili la vyeti. Rekebisha tarehe, jaribu tena. Wapo watakaomalizia hapo.

Tarehe ikiwa sawa na kosa bado lipo, iko njia isiyohitaji ruti: kuweka cheti hicho cha mzizi kama cheti cha mtumiaji kupitia Settings, Security. Kwenye Android 6 programu nyingi hukikubali. Ubaya wake ni kwamba mfumo unakulazimisha uweke PIN kwenye kioo, halafu unabandika onyo la kudumu kwamba huenda mtandao wako unachunguzwa. Kwa tableti ya mtu mmoja hilo linavumilika. Kwa tableti inayoshikwa na wanafunzi wa madrasa au wageni wa nyumba ya kulala pale Shela, PIN na onyo vinaleta maswali kila siku. Firefox nayo hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti, kwa hiyo tovuti zitafunguka humo, ila programu nyingine zote zitabaki na shida ileile. Ndiyo maana nikachagua ruti.

Sasa vifaa. Unahitaji kompyuta yenye adb na fastboot, zana za kuipa tableti amri kwa waya (kifurushi cha Google kinachoitwa Platform Tools), draiva ya USB ya Google kama kompyuta ni ya Windows, na waya wa micro-USB unaopitisha data. Waya ndio unaowashinda wengi. Nyingi zinazouzwa kwenye vibanda vya simu Langoni ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za data ndani. Tableti itachaji vizuri na kompyuta haitaona kitu. Tundu la micro-USB la Nexus 7 nalo hulegea kwa umri, na chumvi ya hewa ya huku pwani huacha ukungu wa kijani kwenye meno yake. Lisafishe kwa spiriti ya asilimia kubwa na brashi laini, tableti ikiwa imezimwa, liache likauke kabisa. Wakati wa kazi ilaze tableti mezani, usiishike mkononi. Waya ukicheza kidogo tu, amri inakatika katikati.

Angalia pia mgongo wa tableti. Kama kifuniko kimeinuka au kinabonyea ukikigusa, betri imevimba: acha kila kitu, badilisha betri kwanza. Joto la hapa na tabia ya kuacha kifaa kwenye chaji mchana kutwa huziua betri hizi. Tableti isiyowaka kabisa si lazima iwe imekufa. Mara nyingine plagi ya betri ndani imeachia tu. Kifuniko cha nyuma kinafunguka kwa kipande chembamba cha plastiki, na plagi inabonyezwa irudi mahali pake.

Betri iwe na nusu ya chaji au zaidi. Kompyuta ya mezani, au laptopu iliyokufa betri, usiitumie siku ambayo stima inakatika-katika.

Pakua faili ya kiwandani (mfumo wa tableti kama ulivyotolewa na Google) kutoka ukurasa wa Google wa faili za Nexus. Jina la siri la modeli ya Wi-Fi ni razor, na toleo la mwisho ni MOB30X. Linganisha na Build number iliyoandikwa kwenye About tablet. Lazima zifanane herufi kwa herufi. Ukurasa huo huonyesha SHA-256 ya kila faili (alama ya kuthibitisha kwamba faili imefika nzima), nawe uihakiki (kwa Windows, `certutil -hashfile` jina la faili `SHA256`), hasa kama umepakua kwa mtandao wa kusuasua. Ifungue faili hiyo, ndani yake utakuta zip nyingine, na humo ndani mna `boot.img`, sehemu ya mfumo inayotumika wakati wa kuwaka. Hiyo ndiyo unayoihitaji. Itunze nakala yake mahali salama, kwa sababu ndiyo itakayokuokoa mambo yakienda mrama.

Hatua inayofuata, ya kufungua kufuli la butiloda (programu ndogo inayoiwasha tableti), inafuta kila kitu: picha, rekodi, ujumbe, vyote. Hamisha vyako kwanza. Kwenye About tablet gusa Build number mara 7 ili Developer options itokee, washa USB debugging, unganisha waya, kubali ombi linalotokea kwenye kioo, kisha andika `adb reboot bootloader`. Kama adb inagoma, zima tableti, halafu shikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwasha. Utaona kidubwana cha Android kimelala chali kifua wazi, na chini kushoto maandishi madogo. Soma maandishi hayo. PRODUCT NAME iwe flo (hilo ni jina la kifaa chenyewe; razor ni la faili). Ikiwa deb, hiyo ni ile ya laini ya simu na faili zake ni tofauti, usichanganye.

Andika `fastboot devices`. Isipotokea namba yoyote, au amri yoyote ikibaki kwenye "waiting for device", tatizo ni draiva au waya. Kwa Linux jaribu kwa `sudo`. Namba ikitokea, andika `fastboot oem unlock`, chagua Yes kwa kitufe cha sauti, thibitisha kwa kitufe cha kuwasha. LOCK STATE itageuka kuwa unlocked, na kuanzia hapo utaona kikufuli kilicho wazi chini ya neno Google kila inapowaka.

Iache iwake hadi mwisho, washa tena USB debugging, kisha weka programu ya Magisk. Ichukue kwenye ukurasa wa mradi wenyewe GitHub, chini ya jina topjohnwu, si kwenye tovuti za APK zenye matangazo. Magisk inafanya kazi kuanzia Android 6.0, kwa hiyo tableti hii imeponea chupuchupu. Nakili `boot.img` kwenye folda ya Download, fungua Magisk, Install, kisha Select and Patch a File. Baada ya muda mfupi itatoa faili mpya inayoanza na magisk_patched. Irudishe kwenye kompyuta kwa `adb pull`, rudi kwenye hali ya fastboot, na uandike `fastboot flash boot` ikifuatwa na jina la faili hiyo, kisha `fastboot reboot`. Ikishawaka, fungua Magisk; ikiomba kukamilisha matayarisho, kubali iwake upya.

Ikigoma kuwaka na kuzunguka tu kwenye nembo, karibu kila mara chanzo ni `boot.img` isiyolingana na Build number. Rudi fastboot, andika `fastboot flash boot boot.img` kwa ile nakala ya asili, nayo itawaka kama zamani. Hii ndiyo sababu naipenda njia hii kuliko zile programu za kuruti kwa kubonyeza mara moja. Zile hutegemea tundu la usalama kwenye mfumo, huwezi kujua zimeacha nini ndani, na kuzitoa ni kazi. Hapa umegusa sehemu moja tu ya tableti, na ya asili unayo mkononi.

Sasa cheti. Kwenye kompyuta pakua `isrgrootx1.pem` kutoka letsencrypt.org. Android hutaka jina la faili liwe alama maalumu inayotokana na cheti chenyewe. Ipate kwa `openssl x509 -subject_hash_old -noout -in isrgrootx1.pem`. Utapewa herufi na tarakimu 8. Ipe faili jina hilo na nukta sifuri (`.0`) mwishoni, kisha isukume kwa `adb push` hadi `/sdcard/`. Ingia `adb shell`, andika `su`, ukubali ombi la Magisk kwenye kioo. Halafu `mount -o rw,remount /system`, nakili faili hadi `/system/etc/security/cacerts/`, ipe ruhusa kwa `chmod 644`, rudisha `mount -o ro,remount /system`, na uwashe upya. Ukisahau chmod, mfumo unaweza kushindwa kuisoma faili na utadhani umekosea mahali pengine. Hakiki kwenye Settings, Security, Trusted credentials, System: utafute Internet Security Research Group. Cheti hiki kinadumu hadi Juni 2035.

Kazi ya pili ni bando. Tableti isiyo na laini hutumia hotspoti ya simu, na yenyewe huona Wi-Fi ya bure, kwa hiyo hujisasisha na kupakia picha bila huruma. AFWall+, programu ya ukuta wa mtandao inayohitaji ruti, inamaliza hilo: unaweka alama kwenye programu unazoziruhusu, zilizobaki zinafungiwa. Tahadhari moja. Kwenye Android hii maswali ya majina ya tovuti hupitia mfumo wenyewe, kwa hiyo usiporuhusu mstari wa programu zinazoendeshwa kama root, hata kivinjari ulichokiruhusu hakitafungua kitu. Washa pia Fix startup data leak, la sivyo kila ikiwaka kuna dakika ambayo ukuta bado haujasimama. Kwa nahodha anayebeba ramani za nje ya mtandao kati ya Mokowe na Manda, megabaiti zinabaki kwa utabiri wa upepo, si kwa matangazo.

Nisichokipenda nakisema wazi. Viraka vya usalama vya tableti hii vilikoma mwaka 2016, na butiloda iliyofunguliwa inamruhusu yeyote mwenye waya kusoma yaliyomo. Usiweke humo akaunti ya benki, na programu nyingi za benki zitakataa zenyewe zikiona ruti. Barua pepe kuu pia iache kwenye simu.

Ukitaka kuirudisha ilivyokuwa, toa Magisk, weka `boot.img` ya asili, hakikisha imewaka mpaka mwisho, ndipo uandike `fastboot oem lock`. Ukiifunga kabla ya kuhakikisha inawaka, na kumbe kilichomo ndani kina kasoro, itabidi uifungue tena, na kufungua kunafuta kila kitu upya.