Aliniambia omena ni chakula cha kuku

Nianze na kilichonikasirisha, maana nikitanguliza mengine nitajikuta nimewasifu kabla sijatoa dukuduku langu.

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa kukata sehemu kubwa na kubakiza kitu chembamba kama mrija. Madaktari sina neno nao. Malalamiko yangu ni kuhusu kliniki ya lishe niliyoelekezwa baadaye, ghorofani huko upande wa Ngong Road, Nairobi, ambako unalipa shilingi 3,000 kila unapoketi mbele ya mshauri, na ukikaa sana ni dakika 20. Ilikuwa mara yangu ya tatu au ya nne kwenda. Mvua zilikuwa zimeanza, hilo nalikumbuka kwa sababu nilifika na viatu vimelowa na daftari nimelifunga ndani ya karatasi ya nailoni lisiharibike.

Ndani ya daftari hilo nilikuwa nimeandika kila kilichoingia mdomoni mwangu kwa wiki mbili. Yai moja la kuchemsha asubuhi. Nusu kikombe cha mala, maziwa yaliyoganda, saa nne. Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, vijiko vinne saa saba. Saa kumi mala tena. Jioni ndengu zilizopondwa, au maharagwe yaliyoiva mpaka ganda likalainika. Pembeni ya kila kitu nimeandika bei, kwa sababu mkopo wa chama chetu cha akiba niliochukua kulipia upasuaji bado naulipa, na nyumbani kuna watoto wawili wanaokula kama kawaida. Daftari lile nililionea fahari.

Yule dada mshauri akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kama mistari mitatu, akacheka.

"Omena? Madam, si hiyo ni chakula ya kuku?"

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa akipanga makopo kwenye rafu, naye akacheka. Ukurasa wa pili hakuufungua. Alisukuma daftari pembeni kwa kiwiko, akaweka mezani kopo la unga wa protini uliotoka ng'ambo. Bei 7,500, na kwa kipimo alichoniandikia lingeisha baada ya wiki tatu. "Hii ndiyo itakusaidia," akasema, na tayari alikuwa akiandika risiti.

Mama yangu aliuza omena soko la Gikomba miaka mingi. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye yale magunia, na nguo zetu za shule zilinuka omena hata zikifuliwa mara mbili. Kwa hiyo mtu akicheka omena mbele yangu, hanicheki mimi peke yangu. Nilikaa pale nikiangalia kiwiko chake juu ya daftari langu na sikupata la kusema. La kusema lilinijia nikiwa kwenye matatu, nalisema sasa.

Ni kweli viwanda vya chakula cha mifugo vinanunua omena kwa wingi. Vinanunua kwa nini? Kwa sababu ya protini. Omena aliyekaushwa vizuri, karibu nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa unamla na mifupa yake unapata kalsiamu humo humo. Mtu aliyekatwa tumbo anaambiwa afikishe angalau gramu 60 za protini kwa siku, na nafasi aliyo nayo ni ya vijiko vichache tu kwa mlo mmoja. Sasa nionyeshe chakula kingine cha mtu wa mtaa wa Umoja kinachobeba protini nyingi kama omena ndani ya vijiko vinne kwa shilingi 50. Yai lina gramu kama 6. Kikombe kizima cha maziwa, gramu 8. Nyama ya ng'ombe ya bei nafuu ni ngumu. Miezi ile ya mwanzo kipande kimoja kilinikwama kifuani nikakaa nusu saa nimeinamia sinki.

Namna ninavyompika niieleze, maana pale kliniki hakuna aliyeniuliza. Nanunua Gikomba asubuhi kabla jua halijawa kali. Nachagua wanaong'aa kama fedha, wakavu wa kuvunjika kwa kidole, wasio na mchanga. Nachukua kiganja, natikisa, naangalia kinachobaki mkononi. Nyumbani natoa vichwa, kwa sababu uchungu unakaa hapo, kisha nawamwagia maji ya moto na kuwaosha mara tatu. Kitunguu, nyanya nyingi, mafuta kijiko kimoja, dhania mwishoni. Kipindi kile cha vyakula laini niliwatwanga kwenye kinu mpaka wakawa kama uji mzito, nikala kwa kijiko cha chai. Sasa nawala wazima, ila natafuna mpaka hakuna cha kutafuna. Omena kwanza, mboga baadaye, ugali wa mwisho kama nafasi imebaki. Siku nikianza na ugali, matonge matatu tu nimeshiba na protini yote imebaki sahani.

Hela ya kopo lile ingeninunulia trei 12 za mayai kwa bei ya mama mboga wangu na chenji ingebaki. Nilipiga hesabu hiyo pale pale mbele yake. Kopo sikununua.

Lakini lazima niwe mkweli. Dada huyo huyo ndiye aliyegundua kilichokuwa kinanimaliza. Nilikuwa nikipatwa na kizunguzungu. Siku moja nusura nianguke nikishuka kwenye matatu steji ya Donholm. Katika ziara ya kwanza alikuwa ameniuliza swali moja dogo: vidonge vya madini ya chuma unamezea nini? Nikamwambia, chai ya maziwa. Akaweka kalamu chini, akanieleza taratibu kwamba chai inazuia chuma kufyonzwa, na kalsiamu ya maziwa nayo inazuia, kwa hiyo vidonge vya chuma na vya kalsiamu viachane kwa saa mbili na chai ikae mbali kabisa. Pia ndiye aliyenikataza kunywa maji pamoja na chakula, nisubiri nusu saa. Nywele nazo alinionya mapema kwamba zingenyonyoka miezi ile ya mwanzo kisha zirudi, la sivyo ningepagawa siku nilipoziona kwenye kitana. Zimerudi. Kizunguzungu kimepungua sana. Kwa ziara ile ya kwanza, ile 3,000 ilikuwa halali yake na ningeilipa tena.

Na ule unga wenyewe sio mbaya. Wiki mbili za mwanzo, za vinywaji vitupu, niliutumia wa hospitali na ulinisaidia, kwa sababu huwezi kunywa omena. Mtu mwenye uwezo autumie bila wasiwasi. Sikatai unga. Nakataa kuambiwa kwamba bila huo nitadhoofika, wakati kile ninachokimudu kimelala pale mezani chini ya kiwiko cha mtu ambaye hata hakusoma.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota moja. Nilipokumbuka ile chai nikasema tatu, kwa sababu elimu wanayo na wengi wetu tunaihitaji. Tumbo likishakatwa, vitamini B12 na wenzake ni vya maisha, na lazima awepo wa kukufuatilia damu.

Sasa nimekumbuka nilichokiona nikitoka, na tatu siwezi kuwapa. Mapokezini kulikuwa na mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji kama mimi, wiki chache tu zilikuwa zimepita, bado anatembea ameshika ubavu. Alikuwa na lile kopo mkononi na anahesabu noti kwenye kaunta. Zikapungua. Akatoa simu, akampigia mtu, akangoja hela ziingie kwa M-Pesa, akalipa. Ngazini akaniuliza kwa aibu kama naweza kumwongezea 50 ya nauli mpaka Kayole.

Nilimpa. Tukasimama kwenye kona ya ngazi, watu wanapita, nikatoa daftari kwenye ile nailoni nikamfungulia ukurasa ambao mshauri hakuufungua, wa omena na ndengu na bei zake. Akasoma wote kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akasema, "Na mimi omena ninao nyumbani, dadangu. Niliogopa kumwambia."

Akaupiga picha kwa simu yake. Nyota mbili.