Mafia: Uliza Maji Kabla ya Kulipia Boti

Watazamaji wangu, habari zenu. Leo nachambua safari ya Kisiwa cha Mafia, na kila kitu nimelipia mfukoni mwangu, kwa hiyo sina wa kumwogopa. Hukumu yangu mapema: inastahili hela, ila si kwa kila mtu. Kama unataka ufukwe wa Nungwi, muziki na watu hadi usiku wa manane, baki Unguja. Huku sehemu kubwa ya pwani ni mikoko, na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, baada ya isha umeshatulia.

Wengi wanakuja kwa ajili ya papa potwe. Sawa, njoo kati ya Oktoba na Februari, wanaonekana karibu kabisa na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani lakini hana habari na wewe. Anachuja viumbe vidogo vidogo vya majini, basi. Ninachowapima nacho waendesha boti ni kimoja: je, wanazima mashine na kukaa mbali, au wanamkimbiza? Boti ikimzunguka samaki ili upate picha, mwambie nahodha aache. Wewe ndiye unayelipa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea: wanaona papa, kesho yake wanapanda ndege. Utamu wenyewe uko ng'ambo ya kijiji cha Utende, kwenye visiwa vya Chole na Juani. Utende ndiyo geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na kiingilio chake hulipwa mbali na hela ya boti. Ulizeni mapema, na Watanzania tubebe vitambulisho, maana bei ya raia na ya mgeni ni tofauti.

Chole unavuka kwa muda mfupi tu. Wajerumani waliweka makao yao ya utawala pale, kisha mwaka 1913 wakahamia Kilindoni. Majengo waliyoyaacha yameshikwa na mizizi ya miti hadi hujui kama ukuta unabeba mti au mti unabeba ukuta. Juu kidogo wananing'inia popo wakubwa walao matunda, ndugu zao wako Komoro. Kaeni hadi magharibi muwaone wakiruka. Mafundi wa mashua nao wapo, wanapiga shoka na kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, ufukweni; salimia kwanza, kamera baadaye.

Juani ndiyo iliyonishika mimi. Magofu ya Kua yamelala msituni: kasri, misikiti, makaburi, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ulikuwa mji wa watu wenye uwezo, hadi Wasakalava wa Madagaska walipouvamia karne ya 19 na kuubomoa. Mwombeni mtembezaji awasimulie ugomvi wa Kua na Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia. Inasimuliwa kwamba mji mmoja ulishusha jahazi baharini juu ya miili ya watoto wa mji wa pili; waliofiwa wakangoja, wakawaalika wenzao harusini, wakawajengea ukuta mlangoni wasitoke. Kisimani yenyewe sehemu kubwa imeshaliwa na bahari. Mimi ningelipa kiingilio cha Kua hata kama pasingekuwa na samaki hata mmoja.

Kasoro? Maji. Safari ya Kua inafuata maji kujaa na kupwa, si saa yako ya mkononi. Yakipwa, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mashua haikaribii na utaburuza miguu kwenye tope na mawe. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, muulize nahodha: "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Akijibu "saa yoyote twende," tafuta mwingine. Vaeni viatu vya kulowana, na chukueni fedha taslimu ya kutosha kabla ya kuvuka kwenda visiwani.

Usafiri: ndege ndogo kutoka Dar ni chini ya saa moja, na ndiyo inayokula bajeti. Mwenye muda apite Nyamisati, Kibiti, apande kivuko hadi Kilindoni. Nafuu zaidi, ila kusi likivuma mtajua mko baharini. Aprili na Mei ni masika, msiende kabisa. Wenye hamu ya kasa, watoto wa kasa huanguliwa Juani mwezi Juni hadi Agosti, wakati papa potwe si msimu wake. Chagueni kimoja.