Muswada Mtandaoni au Kwenye Kompyuta Yako?

Mwandishi anayetaka akili mnemba imharirie muswada ana njia mbili: huduma ya mtandaoni, au modeli, yaani programu ya akili mnemba yenyewe, iliyopakuliwa na kuendeshwa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kwa gharama za mwanzo na ubora, huduma hutangulia, kwani haidai mashine yenye kumbukumbu kubwa, na Kiswahili chake kwa kawaida ni safi zaidi. Kwa faragha mambo hugeuka: maandishi husafiri hadi seva za wengine, ambako huweza kuhifadhiwa na, pengine usipobadilisha mipangilio, kutumika kufunza modeli zijazo, ilhali modeli iliyopakuliwa hufanya kazi hata intaneti ikizimwa. Matunzo ya modeli hiyo, hata hivyo, ni juu yako, na kompyuta isiyosimbwa (ambayo data zake hazikufungwa kwa msimbo wa siri) ikiibwa, siri imekwenda. Mtunzi wa hadithi za kubuni huenda akatosheka na mtandao. Anayeficha majina ya mashahidi, mimi nisingemshauri autumie.